Fizi zinatoka damu na jino limeanza kucheza, nimeambiwa melatonini inatibu, kuna ukweli?

MvuviWaKibirizi:

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Naombeni msaada hasa kama kuna mtaalamu wa kinywa na meno humu ndani.

Mi ni mtu wa ziwani, usiku niko majini na dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, Ziwa Tanganyika, mchana ndo nalala, kazi hii naifanya tangu ujana. Fizi zinanitoka damu muda mrefu tu, nikipiga mswaki nikitema naona wekundu, nikitafuna muwa ndo kabisa, ule muwa unabaki na michirizi ya damu hadi watoto wananishangaa. Nilikuwa sijali maana haumi, kitu kisichouma unakiachia tu si ndio. Ila saivi jino moja la mbele chini limeanza kucheza, nikilisukuma kwa ulimi linakwenda na kurudi, na fizi hapo imeshuka jino linaonekana refu kuliko wenzake. Mama watoto nae analalamikia harufu, hasemi sana ila anageukia ukutani.

Sasa nina ndugu yangu yuko Marekani tulikuwa tunapiga stori kwa simu nikamweleza, akasema kuna kitu kinaitwa melatonini, vidonge vya usingizi, kule vinauzwa mpaka supamaketi, anasema kasoma kwamba watafiti wamekuta vinatibu ugonjwa wa fizi na vinazuia mfupa wa jino usiliwe. Tena akaniambia shida yangu ni hii kazi yenyewe, kukesha kwenye mataa kunafanya mwili usitengeneze hiyo melatonini ndo maana fizi zinaoza. Anataka kunitumia chupa kupitia mtu anayekuja mwezi ujao.

Nauliza ni kweli au ananipa moyo tu? Na kama ni kweli nameza ngapi, saa ngapi, maana mi usiku wangu ni mchana. Sitaki kung'oa jino la mbele nikabaki pengo, natanguliza shukrani.

---

Binti_Gungu:

Pole kaka. Kabla ya vidonge vya Marekani jaribu maji ya uvuguvugu na chumvi, sukutua asubuhi na jioni, na mswaki wa mwarobaini. Bibi yangu Ujiji alikuwa anatafuna kijiti cha mwarobaini baada ya kila mlo na alizikwa na meno yake karibu yote. Dawa ya meno ya kopo alikuwa haijui.

---

Mzee wa Ipuli:

Kidonge cha usingizi kitibu fizi? Basi cha minyoo kitibu goti tujue moja. Kijana usipoteze hela za ndugu yako, kila mwaka kinatoka kidonge kipya cha kutibu kila kitu na kila mwaka watu wanakufa vilevile.

---

SuluhishoAsili:

Karibu inbox mkuu tuna unga wa asili unayeyusha ugaga wote ndani ya wiki na kukaza meno yanayocheza, 100% asili, mikoani tunatuma kwa basi.

---

TabibuMeno_Tbr:

Ngoja nijibu kidogo maana nafanya kazi hii ya kinywa na meno hapa Tabora, na hili la melatonini limeanza kuulizwa uulizwa.

Kwanza huyo wa unga mpuuze. Ugaga ni utando wa bakteria ambao umeshika madini ya kwenye mate, kalsiamu na fosfeti, ukawa mgumu umeng'ang'ania jino na mwingine uko chini ya fizi ambako hata mswaki haufiki. Kitu kitakachouyeyusha huo mdomoni ndani ya wiki kitaondoka na jino lenyewe, maana jino nalo limejengwa kwa madini hayohayo.

Sasa melatonini. Mzee wangu wa Ipuli shikamoo, ila hapo umeikatia tamaa mapema. Hii si dawa tu, ni homoni ambayo wewe na mimi tunaitengeneza kichwani kwenye kitezi kidogo katikati ya ubongo, giza likiingia inapanda, inafika kileleni kama saa nane mpaka saa kumi usiku, mwanga ukija inashuka. Aliyeitenga mara ya kwanza ni daktari wa ngozi, Aaron Lerner wa chuo kikuu cha Yale, mwaka 1958, na yeye hakuwa anatafuta usingizi wala nini, alikuwa anatafuta mambo ya rangi ya ngozi. Baadae ndo ikajulikana kazi ya usingizi, na baadae zaidi ikaonekana ina kazi nyingine: inatuliza uvimbe wa ndani na inameza zile kemikali kali ambazo chembe za kinga zinamwaga zikipigana na bakteria. Na inafika mdomoni, kwenye mate ipo, japo ni kidogo kuliko ya kwenye damu.

Hapo ndo watu wa fizi wakaamka. Maana ugonjwa wa fizi ukiutazama vizuri, bakteria ndo wanaanzisha ugomvi ila anayebomoa nyumba ni kinga yako mwenyewe. Mwili unaona adui wamekaa chini ya fizi hawaondoki, unamwaga silaha kila siku mwaka mzima, na silaha hizo zinakula nyuzi zinazoshika jino, halafu chembe zinazobomoa mfupa zinapewa ruhusa ya kufanya kazi kuliko zile zinazojenga. Ndo jino lako linavyocheza kaka, mfupa wa chini umepungua. Sasa melatonini maabara na kwa wanyama imeonekana inapoza moto huo na inazisukuma zile chembe za kujenga mfupa na kuzibana zile za kubomoa. Kwa hiyo wazo lenyewe si la kipuuzi hata kidogo.

Na kwa binadamu wamejaribu. Kuna jaribio la Uhispania kwa watu wenye kisukari na fizi mbovu, walipaka krimu yenye melatonini asilimia 1 kwenye fizi siku 20, damu na uvimbe vikapungua. Irani waliwapa watu wenye kisukari miligramu 6 kila siku wiki 8. Kuna jingine walichukua watu wenye fizi mbovu na pia hawapati usingizi, wakawapa miligramu 10 wakati wa kulala miezi miwili. Hayo mawili ya vidonge, waliopewa melatonini fizi zao zilikaza zaidi kuliko wenzao wasiopewa.

LAKINI, na hapa ndugu yako wa Marekani naona aliruka mstari: karibu majaribio yote ya vidonge, watu walisafishwa kwanza. Pande zote mbili. Walikaa kwenye kiti, ugaga ukakwanguliwa juu na chini ya fizi, mizizi ikalainishwa, halafu ndo kundi moja likaongezewa melatonini. Na lile kundi ambalo halikupewa melatonini nalo lilipona kwa sehemu kubwa, kwa kusafishwa tu. Yaani melatonini ilileta nyongeza, na nyongeza yenyewe ukiipima kwa kijiti cha kupimia kina ni sehemu ya milimita au milimita na kitu. Majaribio yenyewe ni ya watu wachache, ya miezi miwili mitatu, kila mtu na dozi yake. Mi nasema ina matumaini. Ila ukiinywa huku ugaga umekaa palepale ni kazi bure.

Naomba nikuulize mambo machache. Unavuta? Una presha au sukari, unameza dawa zozote? Na umeshawahi kusafishwa meno hospitali maishani?

---

NyukiWaSikonge:

Tabibu umeeleza vizuri ila mi nataka kujua hili la kukesha, maana huku kwetu msimu wa kukausha tumbaku tunalinda moto kwenye mabani usiku kucha na watu wengi meno yao ni shida. Si inawezekana kweli kukesha kunachangia?

---

TabibuMeno_Tbr:

Inawezekana inachangia kidogo, sikatai. Mwanga mkali usiku hasa huu mweupe wenye bluu wa taa za sola unaipiga chini melatonini, hilo halina ubishi. Na wapo waliopima mate wakakuta wenye ugonjwa mkali wa fizi melatonini yao iko chini kuliko wenye fizi nzima. Ila hapo kuna mtego: je ni ndogo ndo maana fizi zimeharibika, au fizi zimeharibika ndo zimeitumia yote kwenye mapambano ikaisha? Kupima mate peke yake hakukuambii kipi kilitangulia.

Na wewe Sikonge, huku kwenye tumbaku kuna jambo kubwa zaidi ya kukesha, nalo mnalijua. Anayevuta fizi zake zinaweza zisitoke damu kabisa, nikotini inabana mishipa midogo, mtu anajiona mzima kumbe mfupa unaliwa kimyakimya. Nimewaona wengi, fizi zimepauka ngumu hazitoi tone, ukiingiza kipimo kinazama milimita 7 wakati fizi nzima haizidi 3.

Ila kwa huyu mvuvi wetu kuna njia ya kujipima mwenyewe. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti si mlikaa nchi kavu? Ulikuwa unalala usiku kama watu wengine. Fizi zilikuwaje?

---

MvuviWaKibirizi:

Duh tabibu hapo umenikamata pazuri. Kipindi kile nililala usiku kama mtoto mchanga, na damu ilikuwa vilevile, sikumbuki hata wiki moja niliyotema mate meupe. Kwa hiyo kukesha sio sababu?

Majibu yako: navuta, si nyingi, ila usiku ziwani baridi ikipiga ukisubiri dagaa wakusanyike kwenye taa unavuta ili usisinzie, sita saba hivi kwa usiku na chai ya sukari nyingi kwenye chupa. Presha sijawahi kuambiwa, sukari sijawahi kupima ila mama yangu anayo. Sinywi dawa yoyote. Kusafishwa meno hapana, hospitali ya meno niliingia mara moja kung'oa gego basi, sikujua kama kuna huduma ya kusafisha nilijua ni ya matajiri wa Dar.

---

Mzee wa Ipuli:

Marahaba tabibu. Sasa hapo umesema kitu mtu anaelewa. Kijana acha sigara kwanza.

---

Mfamasia_Mwanga:

Nami niongezee upande wangu wa dawa, niko hapahapa mjini Kigoma.

Ndugu yako anaona ni kitu cha kawaida kwa sababu Marekani melatonini inahesabiwa kama kirutubisho, iko shelfu moja na vitamini, hakuna anayekuuliza cheti. Ukivuka ukafika Uingereza huipati bila daktari kukuandikia. Kitu kilekile, nchi mbili, sheria mbili. Na hii ya kuuzwa kama vitamini ina shida yake: mwaka 2023 jarida la madaktari la JAMA lilitoa uchunguzi wa zile pipi laini za melatonini, bidhaa 25 za Marekani, 22 kati yake kilichoandikwa kwenye chupa hakilingani na kilichomo. Kuna iliyokuwa na asilimia 74 ya kilichoandikwa na kuna iliyofika asilimia 347, na moja haikuwa na melatonini hata chembe. Kwa hiyo chupa inaweza kusema miligramu 10 ukawa unameza zaidi ya 30 au ukawa unatafuna sukari tu, na tena sukari kwenye fizi mbovu.

Kwa mtu mzima mwenye afya melatonini ya muda mfupi si sumu, inaleta usingizi, kichwa kuuma, kizunguzungu, ndoto za ajabu ajabu. Ila kuna watu nawaambia kabisa wasiguse bila daktari. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, maana inaweza kumtoa damu zaidi. Anayetumia nifedipini ya presha, kuna waliopimwa presha ikapanda badala ya kushuka. Mama mjamzito na anayenyonyesha. Wenye magonjwa ambayo kinga inashambulia mwili wenyewe, na waliowekewa kiungo. Na wenye kifafa waulize kwanza.

Halafu hapohapo kwenye dawa za presha niwape siri moja ambayo wengi hawaijui: nifedipini na amlodipini zenyewe zinaweza kuvimbisha fizi, zinaota mpaka zinafunika meno, na fenitoini ya kifafa hivyohivyo. Mtu anakuja dukani anataka dawa ya fizi namuuliza unatumia nini nyingine, anatoa pakiti mfukoni, namwambia nenda kaongee na daktari wako akubadilishie, usiache mwenyewe tu maana presha haina mchezo.

Na kaka mvuvi, hili ni la kwako peke yako: ukimeza jioni halafu ukapanda mtumbwi, utasinzia katikati ya ziwa. Haina mjadala hiyo.

---

MvuviWaKibirizi:

Hapo kwenye kusinzia umenishtua mfamasia, upepo ukibadilika usiku kule unatakiwa uwe macho makavu, tukisema tu huyu kalala mwenzie ndo anaamka ana maji kiunoni. Kwa hiyo hata kama ni dawa mi sifai, labda wakati wa mbalamwezi ambapo haturuki, yaani hatuendi kuvua.

Sasa tabibu hiyo kusafishwa inakuwaje, inauma? Na jino linalocheza wakilikwangua si litang'oka palepale? Maana kuna jamaa hapa mwaloni anasema kusafisha meno ndo kunayalegeza, yeye alisafishwa yakaanza kucheza.

---

Binti_Gungu:

Hata mi nimesikia hivyo kuwa ukisafisha unaachanisha meno.

---

TabibuMeno_Tbr:

Hii nasikia kila wiki. Ugaga ukijaa kati ya meno unayashikanisha kama saruji, jino lililopoteza mfupa zamani linakuwa limesimama kwa msaada wa uchafu. Ukiutoa ndo unaona ukweli wa jino lilivyo, nafasi zinaonekana, linacheza kidogo siku za mwanzo. Halafu fizi inapona inakaza, na mengi yanatulia kuliko yalivyokuwa. Kama lako mfupa umebaki wa kutosha litabaki, na kama umebaki kidogo sana hata likibaki na ugaga wake litaanguka lenyewe ukitafuna mgebuka. Piga picha ya eksirei ndo itasema, mimi siwezi kukuambia kwa maandishi.

Kuuma, wanakuganzisha kwa sindano kama wanaingia chini ya fizi. Kwa juu tu wengi hawahitaji. Kuna mashine inatetema na maji yanatoka, au vyuma vya mkono, vyote sawa, inategemea mkono wa mtu. Kwa mara ya kwanza kwa mtu ambaye hajawahi kusafishwa anaweza akakugawia, leo upande huu, safari ijayo upande ule. Siku mbili tatu baada ya hapo meno yanasisimka ukinywa baridi, na hapo ndo chumvi na maji ya uvuguvugu ya dada wa Gungu inafaa kabisa, inatuliza. Siikatai chumvi, wala mwarobaini siukatai, kijiti ukikitafuna mpaka kikawa nyuzi na ukakitembeza vizuri kwenye ukingo wa fizi kinafanya kazi ya mswaki. Tatizo wengi wanasugua meno ya mbele yanayoonekana, ndani upande wa ulimi hakuna anayefika, na ugaga wa meno ya chini ya mbele unaanzia hukohuko kwa sababu matundu ya mate yako chini ya ulimi. Jiangalie kwenye kioo na tochi ya simu, kunja ulimi, nina uhakika utauona, rangi ya njano au kahawia kama ukuta.

Nguvu ya usafi watu wanaidharau. Mwaka 1965 kule Denmark, Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia wasipige mswaki kabisa. Ndani ya wiki mbili tatu wote fizi zimevimba zinatoka damu, wote, hakuna aliyesalimika. Wakarudishiwa miswaki, kama wiki moja fizi zimerudi. Hawakumezeshwa kidonge chochote. Hiyo ni hatua ya mwanzo kabla mfupa haujaguswa, wewe umeshapita hapo, ila inakuonyesha moto unawashwa na nini.

Kwa hiyo utaratibu wangu kwako ungekuwa hivi: nenda kitengo cha kinywa na meno hospitali ya serikali, hospitali ya mkoa pale Maweni wapo, waambie unataka kuangaliwa fizi na kusafishwa, usiseme tu jino linacheza maana jino linalocheza likipelekwa kwa mtu mwenye haraka linang'olewa. Siku hiyohiyo pima sukari, na hili nalisisitiza kwa sababu mama yako anayo. Kisukari na fizi vinavutana, sukari ikiwa juu fizi hazishiki, na fizi zikiwa mbovu sukari haishuki, na ukitibu fizi kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kinashuka kidogo, si mengi, ila kinashuka kweli. Halafu sigara. Ukiacha unaweza kuona damu imeongezeka wiki za mwanzo, usishtuke, mishipa inafunguka.

Antibayotiki usinunue mwenyewe. Najua Flagyl iko kila duka na watu wanaimeza kwa fizi kama karanga, inapunguza uvimbe siku tano, ugaga upo palepale, mwezi ujao umerudi.

---

NyukiWaSikonge:

Hii ya Flagyl umenisema mimi kabisa tabibu hahaha.

Nishuhudie kidogo, kaka yangu alikuwa na hali kama ya mvuvi, meno mawili yanacheza, alisafishwa akarudi tena kuangaliwa, moja walilitoa, la pili lipo mpaka leo anakulia mahindi ya kuchoma. Melatonini haijui. Ila sigara aliacha kweli, alihamia kwenye ugoro.

---

TabibuMeno_Tbr:

Ugoro nao ni tumbaku ileile ndugu yangu, tena ukikaa sehemu moja ya fizi unaila pale pale mpaka mzizi unaonekana. Mwambie.

---

Mzee wa Ipuli:

Tabibu swali la mwisho nami nijifunze. Kama hicho kidonge kina nyongeza, kwanini hospitali zetu hawakiweki? Au ndo mambo ya bajeti?

---

TabibuMeno_Tbr:

Hapana mzee, si bajeti tu. Hata huko kwa wenzetu melatonini haijawa matibabu ya kawaida ya fizi, bado wanataka majaribio makubwa ya watu wengi, wafuatiliwe mwaka au zaidi, ijulikane dozi ni ipi, ni ya kumeza au ya kupaka, na inamfaa nani zaidi. Mimi binafsi naona itakuja kuwafaa watu wa aina fulani, wenye kisukari na wasiopata usingizi, maana ndo hao waliopimwa na kuonyesha mabadiliko, sidhani kama itakuwa ya kila mtu. Na ya kupaka naipenda zaidi ya kumeza kwa sababu inakaa palepale penye shida na haikulazi. Ila hapa kwetu kabla ya kufika kwenye nyongeza, wagonjwa wengi hata kile cha msingi hawajakipata. Shirika la Afya Duniani wanasema watu zaidi ya bilioni moja wana ugonjwa mkali wa fizi, na wengi wao shida yao haijafika kwenye homoni.

---

Mfamasia_Mwanga:

Kweli. Na mvuvi kama ile chupa ikija usiitupe wala usimlaumu ndugu yako, nenda nayo kwa daktari wa meno baada ya kusafishwa, akisema jaribu basi jaribu kipindi cha mbalamwezi ukiwa nyumbani, dozi ndogo, usiku wa kulala kweli. Mchana na jua la Kigoma linapiga dirishani sidhani kama itakusaidia sana, weka kwanza pazia zito.

---

MvuviWaKibirizi:

Nimejiangalia kwa tochi ya simu kama ulivyosema tabibu. Aisee. Ndani huko chini ni ukuta kweli, wa kahawia, nimeukwaruza na kucha hausogei hata kidogo. Mama watoto kaja kuchungulia kasema hivi ndo ulivyokuwa unanipa busu.

Ndugu yangu nimemwambia badala ya chupa anitumie hela kidogo ya kusafishia. Kacheka kakubali. Mbalamwezi inaanza wiki ijayo haturuki, nitaenda Maweni asubuhi mapema. Kule wanapokea bima au ni keshi?

---

Binti_Gungu:

Wanapokea bima kaka ila beba na keshi, huduma za meno si zote zinakubalika kwenye kila bima, ulizia dirishani kabla hujapanga foleni. Na uwahi, saa moja na nusu uwe pale, ikifika saa nne benchi limejaa.

---

TabibuMeno_Tbr:

Na ule kabla ya kwenda, ukipigwa ganzi na tumbo tupu unaweza kuzimia ukawatia presha bure. Ukirudi tuambie kipimo kimezama milimita ngapi, waambie wakuandikie kwenye daftari.